Diski Tatu za Babu

Shangazi alipiga simu usiku. Alicheka kidogo kabla ya kulalamika, kama kawaida yake. "Mwanangu, Baba yumo ndani ya hiki kisahani, ila hataki kutoka."

Hiyo ilikuwa diski ya pili. Ya kwanza ilikuwa imeshakataa wiki sita nyuma. Yeye yuko Marekani, sisi tuko nyumbani, na video yenyewe, ya saa moja na dakika 50, ilikuwa imeshatazamwa na kila mtu huku, hata na wageni wa kupita, isipokuwa yeye aliyetengenezewa.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu makosa yetu ni yale yale wanayoyafanya wengi, na kwa sababu karibu ushauri wote tuliopewa na watu wenye nia njema ulikuwa wa kutupoteza njia. Diski haikuwa mbovu. Deki ya Shangazi haikuwa mbovu. Hata posta, iliyolaumiwa kabla ya mtu kuulizwa, haikuwa na kosa lolote.

Babu ana miaka 84 na hasafiri tena. Shangazi naye, kwa sababu zake, hajaweza kuja kwa muda mrefu. Mama ndiye aliyetoa wazo: "Tumrekodie wifi yangu mzee wake akizungumza." (Wifi wa ukoo, si ile ya intaneti. Ile ya intaneti ingekuwapo ya kutosha, pengine nisingekuwa na cha kuandika.) Nikamrekodi Babu kwa simu, kwa siku tatu, vipande vinne. Kila kipande kinaanza vilevile: anaitazama simu kwa mashaka, anauliza, "Imeshaanza?", na mtu nyuma ya kamera anamjibu, "Bado," ilhali imeshaanza zamani. Mwanzoni kabisa niliweka dakika 12 kutoka kwenye mkanda wa VHS wa siku Shangazi alipoondoka. Ameshika sanduku, anageuka kututazama mara mbili, na mara ya pili kamera inamkosa.

Wengi waliniuliza, kwa nini diski, zama hizi? Kwa sababu ya aliyekuwa anapokea. Shangazi hatumii kompyuta, na simu kwa macho yake ni ndogo. Ana runinga, chini yake kuna deki ya DVD ya siku nyingi, na anajua kitufe kimoja. Tungeweza kumtumia kwa programu za ujumbe, lakini hizo huikamua video mpaka uso wa mtu unabaki kama umepakwa kwa brashi pana. Kuipandisha nzima mtandaoni nako kuna hesabu yake: diski moja ya kawaida hubeba GB 4.7, na kwenye mstari unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya saa 10 bila kukatika. Wa kwetu hukatika. Halafu kuna jambo ambalo hesabu hailigusi: Babu alitaka kupeleka kitu kinachoshikika, akiandike mwenyewe juu yake.

Basi diski.

Diski ya kwanza

Nilifanya kama wanavyofanya wengi. Niliingiza diski tupu kwenye kompyuta, nikayaburuta mafaili ya video, ya aina ya MP4, ndani yake, nikabonyeza choma. Kompyuta ikaniuliza kama diski hiyo nitaitumia kama flashi au kwenye deki. Nikachagua deki, nikaona nimekuwa mjanja. Ilipotoka nikairudisha kwenye kompyuta ileile, ikacheza, nikaitia kwenye bahasha.

Mtego uko palepale kwenye swali la kompyuta. Ukichagua deki, kinachofanyika ni kuifunga diski ili mashine nyingine ziweze kuisoma. Mafaili yenyewe hayaguswi. MP4 inabaki MP4, yaani diski ya data, sawa na kabati lenye karatasi ndani. Deki ya zamani haitafuti karatasi. Inatafuta folda moja yenye jina VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya aina tatu: VOB yenye picha na sauti, IFO inayosema nini kianze na nini kifuate, na BUP ambayo ni nakala ya akiba ya IFO. Picha iwe imesimbwa kwa MPEG-2. Isipoiona folda hiyo, kwa deki hiyo hamna kitu.

Na haiwezi kulaumiwa. Deki za DVD ziliingia madukani Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. H.264, usimbaji ambao simu nyingi hutumia kurekodi, ulikamilishwa mwaka 2003. Deki za baadaye, hasa zenye tundu la flashi, nyingi zinacheza mafaili ya namna hiyo. Ya Shangazi si mojawapo. Ilizungusha diski, ikafikiri, ikaandika kwamba hakuna diski.

Sisi huku tukasikia "hakuna diski" tukasema imevunjika njiani.

Diski ya pili, na mganga wa namba

Safari hii nilijitahidi. Nikapakua DVDStyler, programu ya bure inayotengeneza DVD ya kweli yenye menyu, nikapanga vipande, nikaweka picha ya Babu kwenye ukurasa wa mbele. Mradi mpya ulipofunguka programu iliuliza maswali mawili matatu, mojawapo PAL au NTSC, mifumo miwili ya picha za runinga. PAL ilikuwa imeshachaguliwa. Nikapita, kama mtu anavyopita kwenye masharti ya matumizi.

Ikachomwa. Nikaijaribu kwenye deki yetu, si kwenye kompyuta tu, maana angalau somo hilo lilikuwa limeniingia. Ikacheza vizuri. Babu akachukua kalamu, akaandika kwenye stika ya duara jina la utotoni la Shangazi, lile ambalo siku hizi anaitwa na yeye peke yake, na tukaibandika juu ya diski.

Deki ya Shangazi ikaikataa. Lakini nilipomwomba anisomee maandishi ya kwenye skrini taratibu, neno kwa neno, yalikuwa tofauti na ya mara ya kwanza. Mara ya kwanza ilisema hakuna diski. Mara hii ilisema diski si sahihi. Wote nyumbani walichukulia kwamba ni mamoja, haikubali, basi. Mimi ndipo nilipoanza kupata usingizi. Mashine inayosema hakuna kitu haijaona kitu. Inayosema kitu si sahihi imekiona, imekisoma, imekielewa kiasi cha kukikataa. Ilimaanisha diski ilifika nzima na folda ilikuwa mahali pake.

Bahati mbaya neno "si sahihi" ndilo lililofungua mlango kwa jirani mmoja wa Shangazi, mtu mwenye moyo mzuri na rimoti mkononi. Akamwambia tatizo ni kodi ya eneo (namba ya eneo inayowekwa ndani ya diski, si kodi ya serikali): diski za nje ya Marekani hazichezi Marekani mpaka deki ifunguliwe kwa namba za siri. Wakakesha jioni mbili wakibonyeza namba walizozipata mtandaoni, mpaka menyu ya deki ikabadilika lugha na Shangazi akaanza kuniambia kwa wasiwasi kwamba sasa hata diski zake za zamani haziamini.

Kodi ya eneo ipo kweli. Dunia iligawanywa: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani pamoja na Mashariki ya Kati, 3 Asia ya Kusini-Mashariki, 4 Australia na Amerika ya Kusini, 5 sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi, 6 China. Namba 8 iliwekwa kwa ajili ya ndege na meli. Lengo lilikuwa kuzilinda kampuni za filamu, ili filamu iliyoanza kuuzwa upande mmoja isiharibu soko la upande mwingine ambako bado iko kwenye majumba ya sinema. Sasa jiulize, nani aliyeifungia eneo video ya Babu? Hakuna. Programu za kutengeneza DVD nyumbani huiacha diski wazi kwa maeneo yote, isipokuwa wewe mwenyewe ukazibe. Kubishana na kodi ya eneo kwenye diski ya nyumbani ni kutafuta ufunguo wa mlango usio na kufuli.

Kilichoamua ubishi ni jaribio la dakika tano. Nilimwomba binamu, mtoto wa Shangazi, aichukue diski ileile aitie kwenye kompyuta yake yenye tundu la diski, na aifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Ikacheza mwanzo hadi mwisho. Diski moja, nyumba moja, Marekani ileile: kompyuta inakubali, deki inakataa. Hapo diski mbovu ikatoka, posta ikatoka, na kodi ya eneo sikuwa naiamini tangu mwanzo. Ikabaki tofauti kati ya kompyuta na deki, na tofauti hiyo ni kwamba kompyuta haijali picha ina mistari mingapi na inakuja mara ngapi kwa sekunde. Deki inajali, kwa sababu inailisha runinga.

Binamu aliongeza jambo lingine ambalo nililiandika pembeni: "Ilikuwa inavuma kama feni inayotaka kung'oka."

Mistari 96

Hapa inabidi nirudi nyuma, kwa sababu bila historia hii neno PAL ni herufi tatu tu za kupita.

Umeme wa Amerika Kaskazini huenda mizunguko 60 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki hutumia 50. Runinga za mwanzo zilifungamanishwa na mapigo hayo, zikawa na fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde upande mmoja na 25 upande mwingine, yaani nusu ya mizunguko. Wamarekani walikuwa na mistari 525 kwenye picha. Rangi ilipoongezwa kwa mfumo wa NTSC mwaka 1953, walikuta sauti na rangi zinagombana hewani, wakaupunguza mwendo kidogo sana, kutoka fremu 30 hadi 29.97. Hiyo desimali ya ajabu bado tunaishi nayo.

Ujerumani, mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akaja na PAL mwanzoni mwa miaka ya 1960: mistari 625, fremu 25. Matangazo ya rangi kwa mfumo huo yalianza mwaka 1967. Ufaransa ikashika njia yake, SECAM, lakini kwa mistari na fremu zile zile za PAL, na ndiyo maana kwenye DVD Mfaransa na Mjerumani hawana ugomvi.

DVD ni ya kidijitali na kwa kweli haina rangi ya PAL wala ya NTSC ndani yake. Majina yamebaki kama lakabu za vipimo. "PAL" kwenye diski maana yake picha ya pikseli 720 kwa 576, fremu 25. "NTSC" ni 720 kwa 480, fremu 29.97. Tofauti ni mistari 96 na fremu karibu tano. Kwa macho ya mtu, hakuna kitu. Kwa deki iliyoundwa kutoa mdundo mmoja tu maishani, ni lugha isiyoijua.

Na sasa lile lililonishangaza kuliko yote: ugumu huu ni wa upande mmoja. Deki zinazouzwa katika nchi za PAL kwa kawaida hucheza NTSC pia, kwa sababu filamu za Marekani zilikuwa nyingi kila mahali na mwenye deki isiyozicheza angeuza nini? Deki zilizouzwa Marekani, nyingi, hazikuwahi kuhitaji PAL, hivyo hazikuwekewa. Kwa hiyo mtu wa huku anapokea diski ya Marekani, inacheza, anadhani njia iko wazi pande zote mbili. Anatuma ya kwake, inakwama. Mexico, Kanada, Japani, Korea Kusini, Ufilipino na Taiwan ziko upande wa NTSC, kwa hiyo mwenye ndugu huko naye ajihadhari vivyo hivyo.

Kulikuwa na kinyume kingine cha aibu, na hiki ni changu mwenyewe. Simu hurekodi takribani fremu 30 kwa sekunde. Yaani Babu, tangu anauliza "Imeshaanza?", alikuwa tayari kwenye mdundo unaokaribiana kabisa na wa Marekani. Mimi nikamtoa huko, nikampeleka PAL kwa kutupa fremu moja katika kila sita, nikapata mkono unaorukaruka anaponyoosha kidole, halafu nikamtuma Marekani. Ningeacha kitufe kimoja upande wa pili, kazi ingekuwa imekwisha siku ile.

Diski ya tatu

Binamu alipendekeza nichukue diski ya pili niigeuze tu iwe NTSC. Nilikataa. Kilichotupwa hakirudi: fremu zilizokwisha kuachwa kwenye PAL zingebaki zimeachwa, na juu yake programu ingebuni nyingine za kujazia. Nilirudi kwenye mafaili ya mwanzo, yale ya simu, ambayo kwa bahati sikuwa nimeyafuta. (Mama alikuwa ameshauliza mara mbili kama anaweza kuyafuta apate nafasi.)

Nilichokosa safari hii ni kitu cha simu. Simu haishiki mdundo kama saa ya ukutani. Mwanga ukipungua inapunguza fremu, ukirudi inaongeza. Kwenye jaribio la kwanza la diski ya tatu picha na sauti zilianza pamoja, lakini kufikia dakika ya 40 Babu alikuwa amefunga mdomo na maneno bado yanakuja. Dawa ilikuwa kulipitisha kila faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, na kuliambia liwe na fremu zisizobadilika, 29.97, ndipo liende kwenye DVDStyler. Baada ya hapo midomo na maneno vikapatana hadi mwisho.

Mkanda wa VHS ulikuwa kinyume. Ule ni PAL halisi, fremu 25, na kwenda NTSC lazima fremu ziongezwe na mistari ipunguzwe. Kuna njia ya kurudia fremu, ambayo inaifanya picha ishituke, na kuna ya kuchanganya fremu mbili jirani, ambayo inaacha ukungu. Nilichagua ukungu. Pale Shangazi anapogeuka na sanduku, kwa kitambo kisichofika nukta, anaacha kivuli chake nyuma. Fundi mwenye vifaa vizuri angefanya safi zaidi. Mimi sikutaka, na nikaona, kwa kipande kile hasa, hakiharibu kitu.

Kisha nafasi. Ukichukua GB 4.7 ukazigawa kwa dakika 110, unapata kama megabiti 5.7 kwa kila sekunde, kwa picha na sauti pamoja. Programu ilitaka kutumia megabiti 6 kwa picha peke yake, ambayo pamoja na sauti ingepita GB 5, haingii. Nikaiweka picha kwenye 5 na sauti kwenye kilobiti 192, jumla kama GB 4.3, na nafasi ikabaki ya menyu. Sauti niliifanya AC-3, maana nilikuta diski ya pili ilikuwa na sauti ya MP2. Hiyo nchi za PAL zinairuhusu, ila deki za upande wa NTSC hazilazimiki kuielewa. Kama picha ingepita kwa miujiza, Babu angekuwa bubu.

Majina niliyoyaandika chini ya picha, nani anapita nyuma ya Babu, mtoto wa nani, yalikatwa nilipojaribu kwenye runinga ya zamani ya rafiki. Runinga hizo huficha kingo za picha. Nikayapandisha, nikaacha asilimia 10 kila upande bila maandishi. Kipande kimoja Mama alikirekodi simu ikiwa imesimama wima. Kinaonekana kama mtu anachungulia kwenye ufa wa mlango, na hilo halina dawa.

Kuchoma sasa. Nilitumia DVD-R ya tabaka moja, si RW. Diski za kufuta na kuandika tena hurudisha mwanga kidogo kuliko za kawaida, na deki za zamani nyingi huzisusa. DVD-R ndiyo kongwe, tangu 1997, ilhali DVD+R ilikuja 2002, kwa hiyo kwa deki ya umri wa ile ya Shangazi nilienda na kongwe. Juu ya diski paliandikwa 16x, yaani kasi yake ya juu ya kuchoma, nikaichoma kwa 8x, nikaacha programu ihakiki baada ya kuchoma. Kuhakiki kunaongeza muda na watu hukuruka. Mimi nilikaa nikautazama mstari ukijaa.

Likabaki suala la stika, na hili lilikuwa gumu kuliko NTSC kwa sababu lilimhusu Babu.

Ule uvumaji aliousikia binamu ulitoka pale. Diski ya DVD ina unene wa milimita 1.2, nusu mbili zimegandishwa, na data iko katikati. Laser inaposoma karibu na kitovu, diski huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika hata kwa mwendo wa kawaida wa kutazama, na kwenye kompyuta huenda kasi zaidi ya hapo. Stika iliyopinda milimita moja tu kutoka katikati inaifanya izunguke kama tairi lisilosawazishwa. Gundi na karatasi zikinyauka kwa joto, diski nayo inapinda, na laser inaanza kuikosa njia. Yaani hata ningepata NTSC, kuna uwezekano deki ingekwama katikati kwa sababu ya mwandiko wa Babu.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo jina langu nililompa ndilo linaloizuia?" Sikuwa na jibu zuri. Nikampa kalamu ya wino wa maji yenye ncha laini, ile ya kuandikia diski, akaandika tena moja kwa moja juu ya plastiki, karibu na tundu la katikati, herufi kubwa zinazoinama kidogo kulia. Tulisubiri ikauke kabla ya kuigusa.

Nilichoma nakala mbili, nikazituma kwa siku tofauti. Kila moja kwenye kasha jembamba, katikati ya vipande viwili vya kadibodi, ndani ya bahasha yenye vipovu. Kwenye fomu ya forodha, CN22, niliandika zawadi, diski moja ya video ya familia, bila mbwembwe. Mara ya kwanza niliandika "kumbukumbu", na afisa dirishani akaniuliza kumbukumbu za nani.

Kabla hazijafika nilimuuliza binamu jambo ambalo lingetuokoa tangu mwanzo: anisomee kila kitu kilichoandikwa nyuma ya deki na kwenye bamba dogo la chini. Akageuza deki, akasoma. NTSC, namba 1 ndani ya picha ndogo ya dunia, na orodha ya aina za diski: DVD-R imo, DVD+R haimo. Dakika mbili za kugeuza kisanduku zingetupunguzia wiki tisa. Sisi tulikuwa tumekazana kuuliza diski ina nini, huku mashine itakayoisoma imetujibu kwa maandishi siku zote, ila uso wake ulitazama ukuta.

Nakala ya kwanza ilifika, ya pili siku nne baadaye. Shangazi hakupiga simu usiku ule. Alipiga kesho yake, na hakuanza kwa kucheka. Alikuwa ameitazama mara mbili. Hakusema lolote kuhusu ukungu kwenye mkanda wa VHS. Alichosema ni kwamba siku zote alidhani aligeuka mara moja.

Binamu amekopi folda nzima ya VIDEO_TS kwenye diski kuu ya kompyuta yake, na nakala ya pili imo kwenye kabati, mbali na dirisha. Rangi ya kikaboni inayobeba data kwenye diski za kuchoma nyumbani haipendi jua. Mafaili ya simu nimeyaweka sehemu mbili, na Mama amepata nafasi yake.

Sasa Shangazi anataka kumjibu mzee. Binamu aliniuliza kwa ujumbe mrefu abadilishe nini, aiweke PAL kwa programu gani, aondoe vipi kodi ya eneo. Nilimwambia asibadilishe chochote: deki yetu inasoma NTSC. Achome DVD-R, aijaribu kwenye deki ya mama yake, na jina aliandike kwa kalamu ya wino wa maji.

Babu ameuliza itafika lini. Nimemwambia bado.